Nilijua Ukoo wa Gari

Watu wa mji wa Baraka walionicheka siku ile bado wananicheka, na sina kesi nao, maana ningekuwa nimesimama upande wao ningewashinda kwa kicheko. Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa mpangilio, kabla hamjayasikia kwa wengine yakiwa yametiwa chumvi (ingawa sijui wangeitia wapi).

Shule niliiacha mapema, lakini habari za magari ya mbio nimejifundisha mwenyewe kwa miaka mingi, kwa magazeti ya zamani na sasa kwa simu, na huku Fizi-Centre, ambako gari la namna hiyo halijawahi kuupanda mlima wetu, mimi ndiye ninayeulizwa (sawa, sijaulizwa mara nyingi). Ndiyo maana Etabo, mtoto wa marehemu kaka yangu, mfanyabiashara wa samaki Baraka, alinipigia simu alipopata magari mawili ya kuchagua kule Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Moja lilikuwa la chapa ya juzijuzi, viti vinne, limeinuka kidogo. La pili chapa ya zamani yenye jina, viti viwili, tumbo karibu liguse chini.

"Chapa njo ukoo, mutoto wangu," nikamwambia, kwa Kiswahili chetu ambacho njo ni ndio. "Viti utazoea."

Gari likaja kwa boti ya mbao, likafika zima, na wiki iliyofuata tukaenda kwa wazazi wa mchumba wake, Neema, hukohuko Baraka, kumposa. Kwetu wakwe huuliza kwanza ukoo, babu na babu wa babu, wasije wakaozesha ndugu kwa ndugu, na ukoo wetu wote uko kichwani mwa baba mdogo wangu, mzee Alimasi. Kwa hiyo kiti cha pili kilikuwa chake. Mimi nikakikalia. Nilijiambia kwamba wakwe watauliza habari za gari na lazima mwenye kujua awepo, na baba mdogo nikampandisha pikipiki ya kukodi itufuate nyuma.

Tulipofika, wakwe walikuwa wamekaa uwanjani, bamama nyuma yao, majirani wamejipanga ukutani. Etabo akashuka. Mimi nikajaribu kushuka, nikagundua kwamba kiti cha mbio kimetengenezwa ili mtu asichomoke kwenye kona, na hakitofautishi kona na nyumba ya wakwe. Goti likagoma, koti likanasa, na nilipojisukuma mara ya pili suruali ilitoa sauti iliyosikika hadi ukutani. Mwenye akili angesema "nisaidieni". Mimi nikajifanya nimekaa kwa kupenda, nikawasalimu kutoka kule chini, kichwa changu usawa wa magoti yao.

Msemaji wa upande wa mume, na siku ile ndiye mimi, husimama, na hilo hata mtoto analijua.

"Baba, mbona hausimame?" akauliza shangazi yake Neema, mama mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Nilitaka kwanza nibaelezee hii gari."

Nikaeleza (Mungu anisamehe). Nikaanza na fundi aliyeanzisha kiwanda, nikapita kwa wanawe, nikaingia kwenye mashindano yote waliyoshinda, na nilikuwa nimefika kwenye injini shangazi alipoinua mkono.

"Inatosha. Ukoo ya gari tumeijua mupaka kwa babu. Sasa ya mutoto? Babu ya baba yako njo nani?"

Babu yangu mimi namjua. Waliomtangulia wote nilikuwa nimemwachia baba mdogo, na baba mdogo hakuonekana.

"Alikuwa... mulimaji," nikasema.

Ukuta mzima ukacheka. Baba yake Neema hakucheka. "Kama ninyi hamujijue," akasema polepole, "sisi tutajuaje kama hawa batoto si bandugu? Murudie kwenu."

Etabo alikuwa amemngoja yule binti miaka mitatu, mpaka amalize masomo Uvira. Hakuniangalia. Aliangalia matairi.

Viti vilikuwa vimeanza kuinuliwa baba mdogo alipoingia, amejaa vumbi, viatu mkononi. Pikipiki ilikuwa imepasuka tairi karibu na soko. Akasimama, akavua kofia, akataja majina tisa mfululizo, kila jina na mto alioishi kando yake. Baba yake Neema alifuata kwa vidole, akaomba jina moja lirudiwe, akaridhika.

"Hakuna damu ya kwetu mule. Mukae."

"Na wewe, baba," shangazi akamuuliza, "umekuja na chapa gani?"

"Miguu, mama. Chapa ya zamani kabisa."

Maombi yakapokelewa. Mimi niliyasikiliza kutoka garini, mlango wazi, sahani ya bugali na samaki mapajani kama mgonjwa, na mwishoni wakwe wanne wakanivuta, wawili mikono, wawili miguu, na mama mmoja akanirushia kitenge nijisitiri nyuma.

Mkiniuliza leo kama historia ya chapa ni muhimu katika kuchagua gari la mbio, nitajibu ndiyo, bado naamini hivyo. Lakini kiti cha mtu anayejua majina ya watu wetu, naapa, sitakikalia tena. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa baba mdogo na kalamu, nikavuta kigoda, nikaketi, nikamwomba anitajie wale tisa.

Akakitazama kigoda nilichokalia.

"Simama kwanza," akasema.