Jambazi Mkuu wa Ifakara Avuliwa Koti

Leo nimefukuzwa ujambazi na baba mkwe mtarajiwa. Mmesoma vizuri.

Tunarekodi filamu kwa simu, mtindo wa zile za bei chee za majambazi weusi wa Marekani, miaka ya sabini. Mimi ndiye bosi: wigi la afro, koti la ngozi, jua la Ifakara. Raha tupu!

Nikamnyooshea mwenye mashine ya mpunga, aliyekubali kuigiza anayeibiwa, bastola ya mti. "Mikono juu!"

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Baba yake Neema. Jumapili napeleka posa kwake!

Bastola ikanidondoka. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Jambazi gani anatetemeka? Lete hilo koti."

Akalivaa. Aliponguruma "Mikono juu!", mwenye mashine alikimbia kweli.

Sasa yeye ndiye bosi, mimi namshikia mwavuli.

Posa ameikubali hata kabla ya Jumapili, kwa sharti moja: bosi asife mwishoni mwa filamu.

Nyie mngekataa?