Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Mimi fundi cherehani, mwili haunishindi. Mwenye tumbo namwinulia kiuno, mwenye nyonga pana namkatia sketi ya kumwagika. Lakini mdogo wangu, ugonjwa umemkausha mpaka nguo zinamning'inia kama ziko kwenye kamba. Nikamshonea gauni la marinda nyongani na mikono ya puto. Akajitazama kwenye kioo, akacheka: “Dada, umenirudishia nyama zangu!”

Alipolivua, akaligeuza.

Kila mteja namwachia kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili akinenepa tuifumue nguo na kuiongeza. La kwake, mkono huu mshenzi ulikuwa umekikata chote.

Akaupapasa ule mshono mwembamba.

“Kumbe hata wewe, dada, hutarajii ninenepe.”