Tundu Katika Gazeti la Misheni

Tangu vita vianze, treni ya Lubumbashi ikibahatika kutuletea gazeti, linakuwa moja tu, na tunalisoma kwa zamu katika ofisi ya misheni. Juzi alikuja mama mmoja. Walipokimbia Kalemie alipotezana na mwanawe, na msafiri alimwambia kwamba mtoto huyo ametoa tangazo humo. Nilimfungulia ukurasa wa matangazo, tukakuta tundu la mraba.

Karani wa ofisi alikuwa amelikata fumbo la maneno na kulibandika kwenye kartoni kwa uji wa muhogo, apate kuandika na kufuta vizuri. Tangazo lilikuwa upande wa nyuma.

“Baba, unipatie ile karatasi,” mama akasema.

“Pole, mama. Imeshaka kukamatana na kartoni,” karani akajibu. “ Na miye nilibakisha maneno mbili tu.”

Mama aliichukua kartoni mezani, akaizamisha katika beseni la maji, akangoja hadi karatasi ikabanduka. Akanipa nimsomee. Mwanawe yu hai, yuko Likasi, anamtafuta. Mama akapiga magoti palepale sakafuni.

Karani alikuwa akilitazama fumbo lake lililolowa. “Kazi ya juma muzima, mama,” akanung'unika.

Mimi pia napenda fumbo. Marehemu mke wangu nami tulilijaza jioni baada ya sala, na neno likitushinda tulilala bila kumdhuru mtu. Namwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe karani yule. Bado hajanipa, na wala simharakishi.