Maji ya Kiwanda Kwenye Chinsaga Yangu

Mimi niliacha shule darasa la nne, na bado nimejenga nyumba ya mawe kwa pesa za mboga. Uliza pale soko la Keumbu. Chinsaga, yaani mgagani, yenye uchungu wake halisi ilikuwa inatoka kwangu. Mwanamke akijifungua, aliletewa yangu ya kumrudishia damu, si ya mtu mwingine.

Basi ukame wa Januari ulipokausha kijito, na kiwanda cha krispi za ndizi kilicho juu ya shamba langu kikatangaza kinatoa maji bure, nilijua kuna jambo. Nani huku kwetu anakupa kitu bure? Nikapanda kujionea. Maji waliyooshea ndizi na mashine yalipitia madimbwi matatu, la mwisho limejaa matete. Binti msomi anayeyasimamia akanieleza kwamba kuna vijidudu vinavyokula uchafu.

"Na vikishiba vinaenda wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mzee, haya si ya kunywa. Mwagia chini kwenye shina, usiguse majani. Tunayapima kila wiki."

"Nani anayapima?"

"Sisi."

"Ahaa."

Lakini mboga ilikuwa inakufa. Nikavuta mpira wa maji, nikajaribu mistari miwili tu. Muda si muda majani yakawa mapana kama kiganja changu, na mimi huwa sifanyi kazi nusu nusu. Nikamwagia shamba zima, kila asubuhi, mpaka udongo ukalia chwa chwa.

Sokoni, mama mboga niliyemuuzia miaka mingi alichukua jani, akalitafuna bichi kama kawaida yake. Akatema.

"Omogaka, mzee wangu, uchungu umeenda wapi?"

"Ni mvua."

"Mvua gani hiyo iliyonyesha kwako peke yako? Hii napelekea msichana aliyejifungua jana. Sema umemwagia nini."

Nikasema. Wenzake wakavuta vikapu vyao mbali na gunia langu, kana kwamba lina surua.

Yeye hakupiga kelele. Alifunika meza yake, tukapanda pamoja hadi kiwandani. Alimbana yule binti mpaka akatoa daftari la vipimo, akalipitia asione kosa. Halafu binti akanigeukia.

"Unamwagia mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

Akashika kichwa. "Mzee! Maji haya yana mbolea ndani yake. Mara mbili kwa wiki yanatosha. Umeilewesha mboga."

Mama mboga aliniangalia kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Gunia hili wape ng'ombe," akasema. "Uchungu ukirudi nitakuuzia, lakini nitawaambia watu maji yametoka wapi. Na waliojifungua nitawatafutia kwingine."

Hilo la mwisho liliniuma kuliko gunia.

Sasa uchungu umerudi na chinsaga yangu inauzwa, ingawa waliojifungua bado hawaletewi. Kila Jumatatu napanda kwenye lile dimbwi la mwisho. Binti ananifungulia daftari. Naangalia, namshukuru, halafu nainama kunusa maji mwenyewe.