Maziko Yaliyorudishwa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine. Niliagizwa kunawa mikono. Mkuu wa Gari, mzee mkali aliyevaa kofia hata ndani ya ofisi, aliinusa mikono yangu kama mtu anayekagua samaki sokoni, akasema ina mafuta ya nazi. Nikarudishwa bombani, nikarudishwa tena. Alinieleza kwamba alama ya kidole kwenye mkanda wa filamu, ikifika kwenye kitambaa cha kuonyeshea, inakuwa kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Nilikuwa msichana wa Mwembesongo, Morogoro mjini, nimejipamba kwa ajili ya kazi ya serikali, nikaishia kunuka sabuni ya mche.

Ninyi mnaoangalia picha kwenye simu mkiwa mmelala, niwaeleze tulivyofanya. Gari la sinema lilibeba jenereta, kipaza sauti, kitambaa cheupe cha kutundika kwenye nguzo, na mashine yenyewe. Mkanda ulikuja umezungushwa kwenye gurudumu la bati tuliloliita rili. Uliupitisha kwenye meno ya mashine, mbele ya taa, mpaka kwenye rili tupu ya upande wa pili. Taa ile ilikuwa moto kweli: mkanda ukisimama mbele yake, picha inatoboka watu wakiona. Kulikuwa na swichi ya kwenda mbele na swichi ya kurudi nyuma, na hii ya pili Mkuu wa Gari alinikataza kabisa kuichezea. "Watu wakiona maji yanapanda mlima," alisema, "kesho hawatakuamini ukiwafundisha kuyachemsha."

Nilifanya kazi chini yake Kilosa, kisha Mahenge. Nilimwogopa, nikampenda, na mpaka leo nikishika kitu cha thamani hunawa kwanza. Alipostaafu nilirudishwa Morogoro nikapewa gari mwenyewe, mwanamke pekee mkoani, na mkubwa wangu akawa Ofisa Sinema, kijana msomi, mpole, ila simu ikilia alishtuka. Ndipo ikaja ile filamu.

Ilikuwa ya kuigizwa, ikihusu watu wa Uluguru walivyokataa kulima matuta ya mkoloni, yale yaliyochimbwa milimani kwa lazima. Waliotengeneza walitoka Dar es Salaam, na vijana wa mjini waliishangilia sana. Lakini ndani yake alikuwemo mndewa, yaani kiongozi wa eneo chini ya serikali ya kikoloni, aliyewaonyesha askari nyumba za waliogoma. Hakutajwa jina, ila milimani kila mtu alijua ni baba yake Apolonia, mkulima wa njegere wa kijiji cha misheni juu ya Bigwa. Ndugu zake walikwenda ofisini kulalamika kwamba mzee wao alilazimishwa. Wengine wakajibu kwamba filamu imemhurumia mno. Vilabuni watu walishaanza kushikana mashati.

Ofisa Sinema akaniita. Filamu lazima ipande mlimani, wakubwa wameagiza, lakini kelele zikianza nizime mashine, nifunge vitu, nishuke. "Ukiniletea ugomvi, Mama, hilo gari hulioni tena."

Tulikuwa tunatundika kitambaa kwenye uwanja wa misheni Apolonia alipokuja na kigoda chake. Nilimsalimu, nikamwomba kwa upole abaki nyumbani. Akasema kuitwa mtoto wa msaliti alishazoea. Lililomuuma lilikuwa jingine. Baba yake alikufa siku zile zile za vurugu, na kijiji kizima kikasusia maziko. Alizikwa na askari. Hata watani hawakuja.

Kwetu mtani wa ukoo ndiye anayechekesha msibani, anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Asipokuwepo, maziko ni kama hayajaisha.

"Nilikuwa mtoto, nikafungiwa ndani," Apolonia aliniambia. "Nasikia maziko yale wameyaweka humo kwenye filamu. Leo angalau mimi niwepo."

Giza lilipoingia nikawasha. Watu walitazama mpaka yalipofika maziko: askari wanafukia haraka, hakuna anayelia. Hapo Mzee Kibwana akasimama. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wa Apolonia, na nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizoonyeshwa kwa askari. Alitembea mpaka mbele, kivuli chake kikafunika picha. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi ya kuzima mashine.

"Huyu alileta askari nyumbani kwangu," alisema. "Mwoga, tena mlafi wa pombe. Lakini alikuwa mtani wangu, nami nikamsusia. Mtani hasusiwi. Mama, rudisha mkanda tumzike upya."

Nilimtazama Apolonia. Alikuwa amesimama. Nikapunguza sauti ya filamu mpaka ikanyamaza, nikabonyeza swichi niliyokatazwa.

Udongo ukaruka kutoka kaburini ukarudi kwenye makoleo. Askari wakatembea kinyumenyume, mwili ukapanda juu. Hakuna aliyecheka. Kisha nikaupeleka mbele, na safari hii wanawake wakaanza kuomboleza. Mzee Kibwana akajilaza chali chini ya kitambaa, akapiga kelele kwamba hatoki mpaka apewe njegere. Apolonia akaenda akammwagia njegere kutoka kwenye pindo la kanga, analia na kucheka kwa pamoja, halafu akachota udongo wa uwanjani akautupa mbele ya picha ya baba yake.

Ubishi haukuisha. Hata leo wapo wanaomwita mndewa yule msaliti, nami sina la kuwapinga. Ofisa Sinema alisikia kwamba nimeonyesha maziko mara mbili. Nilimweleza kwamba hapakuwa na ugomvi, lakini gari akaninyang'anya. Nilimalizia kazi kwenye stoo karibu na Msamvu, nikiunga mikanda iliyokatika, mpaka magari ya sinema yakafa nami nikastaafu. Nililia kwa ajili ya gari lile, sifichi. Harufu ya mkanda uliopata moto ninaikumbuka kuliko manukato yoyote.

Apolonia tumemzika juzijuzi. Zuhura, binti yake marehemu Mzee Kibwana, alikaa ukingoni mwa kaburi miguu ikining'inia ndani, akidai njegere, na waombolezaji wakicheka huku wanafuta machozi. Aliponiona nasogea, akaniamkia.

"Shikamoo, Mama Sinema. Leo usirudishe. Huyu tuko naye."

Nikaitikia marahaba, nikainama kuchota udongo.