Kiswahili cha Jambazi

Binti yangu Docus anaandika habari za filamu na ngoma katika gazeti moja hapa Kampala. Watu wakisikia hivyo wanadhani anakula raha. Mimi ninayemfulia magauni najua. Anarudi nyumbani Kawempe akinuka sigara za watu wengine, amengoja saa nzima filamu ianze, kisha mwenye filamu amemshika bega na kumwambia, "Dada, tuandikie vizuri." Sipendi mikono ile.

Mwezi wa pili alikuja nyumbani na mwenye filamu mmoja, Elie, mwanamume anayevaa miwani ya jua hata sebuleni. Alisema anatengeneza filamu ya polisi na anataka Kiswahili cha kambi za polisi, kile halisi. Marehemu mume wangu, Okwera, alikuwa polisi miaka ishirini na miwili. Tulitoka kaskazini na Kiacholi chetu, lakini kambini majirani walikuwa wa kila kabila, kwa hiyo watoto wetu walilelewa kwa Kiswahili. Nikamweleza Elie jinsi Okwera alivyokuwa akirudi kutoka lindoni, akigonga mlango kwa fimbo mara mbili na kusema, "Fungua, mwenye nyumba amefika." Watoto walikuwa wakigombania komeo. Docus aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi, akampa.

Filamu ilipokamilika, Elie alitualika kuitazama katika ukumbi mmoja wa Kabalagala, Jumamosi mchana. Nilivaa gomesi yangu ya harusi za watu. Polisi wa filamu ile walizungumza Kiingereza. Wapenzi walizungumza Kiluganda. Nikangoja Kiswahili, na kikaja. Jambazi mwenye panga, macho mekundu, aligonga mlango wa mjane mara mbili.

"Fungua, mwenye nyumba amefika."

Ukumbi mzima ukacheka. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alimwambia mwenzake, "Kiswahili chao hicho, ukikisikia tu unaficha mkoba." Nilimtazama Docus. Alikuwa ameacha kuandika.

Taa zilipowashwa, Elie alimletea kipaza sauti. "Dada wa magazeti, tupe neno."

Docus akasema kwa Kiswahili, "Maneno ya yule jambazi ni ya baba yangu. Hakuwa mwizi."

Wakacheka tena. Mmoja aliinua mikono juu kama anayeibiwa. "Tusamehe, afande." Elie naye alicheka na kupiga makofi.

Nyumbani Docus hakula. Aliandika kwamba filamu zetu zinampa kila mwizi Kiswahili, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa Elie maneno yale, kwa mkono wake. Nilimwomba aifute hiyo sentensi ya pili. Niliogopa watamfukuza gazetini.

"Mama, nikiifuta nitakuwa nimemchafua Elie, mimi nimebaki safi."

Jumatatu mhariri wake, Obwona, alipiga simu. Docus alikuwa anakanda unga wa chapati, akafungua spika, nikasikia yote.

"Docus, ile ni filamu ya kuchekesha. Nani atasoma kilio cha Kiswahili? Nimeirekebisha makala yako kidogo. Nimeweka kwamba watu walicheka mpaka machozi."

"Walicheka, ndiyo. Basi ondoa jina langu, mzee."

"Nikiliondoa, wiki ijayo ukurasa huo una mtu mwingine."

"Mpe."

Aliendelea kukanda. Mimi ndiye niliyeketi chini.

Jumatano nilikwenda Kalerwe kutafuta nyanya, nikaliona gazeti kwenye kibanda. Sifa tupu juu hadi chini. Pale panapokaa jina la Docus waliandika "Mwandishi Wetu". Nilitema mate chini mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

Mwenye kibanda aliniuliza, "Mama, unaumwa? Au huyo mwandishi ni mtu wako?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza ndizi, kwamba huyo si mwanangu.