Mteja Niliyembandika Lebo ya Shaka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya, ingawa siku yenyewe hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa duka langu la madera hapa Garissa, jua la saa nane limewafukuza watu wote barabarani, nami nikambandika mwanamke wa watu alama ya tapeli kwa kidole gumba. Nilibonyeza tu, nikarudi kwenye chai yangu.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, maana sisi wazee njia ya mkato hatuijui.

Watu wa hapa huniita Mama Mwende. Kwetu ni Mwingi. Ualimu ndio ulionileta mji huu, nikasema nitakaa miaka miwili nirudi, na sasa nina wajukuu wanaonisahihisha Kisomali changu. Nilipochoka na chaki nikafungua duka. Na nikiyaita mambo haya ya ujana, usihesabu miaka. Mvi zilikuwa zimeshachungulia, lakini katika biashara ya simu nilikuwa mtoto mchanga, tena mtoto mwenye kiburi cha mwalimu, na huyo ndiye mgumu kufunzwa.

Walikuja vijana kutoka Nairobi, wakatukusanya wafanyabiashara ukumbini, wakatufundisha wasap ya biashara. Panga nguo zako kwenye katalogi, mteja wa mbali, wa Griftu au Takaba, azione akiwa kwake. Weka salamu inayojijibu yenyewe. Weka majibu ya mkato, ili usiandike jambo moja mara mia. Wagawe wateja kwa lebo za rangi: huyu mpya, huyu amelipa, huyu mzigo wake uko njiani. Ah, lebo zilinipata! Miaka yote nilikuwa nikipanga watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, kumbe mkono ulikuwa bado unawasha. Nikatengeneza yangu moja ambayo wale vijana hawakutufundisha, ya rangi ya manjano, nikaiandika SHAKA.

Usinicheke. Wiki mbili kabla ya hapo, mtu aliyejiita daktari alinitumia ujumbe wa malipo wa kughushi. Nikampa mtu wa boda madera manne ya maana, nikabaki nikitazama vumbi lake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi kila namba ngeni ikawa ung'ongo. Asiye na picha ya uso, shaka. Anayeuliza bei mara mbili, shaka. Asiyeuliza bei kabisa, huyo ndiye hatari zaidi, kwani mtu gani wa kweli haulizi bei? Hata pasta wetu alibadilisha namba, akaniandikia "Bwana asifiwe, mama," nikambandika naye. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Basi Jumatatu moja ikaingia namba kutoka Buna, mbali kule kupita Wajir. Picha yake ni ua la waridi. Hakuandika hata neno, alituma sauti, ndefu kama khutuba. Nikafungua. Bibi mzee anasalimia: Ma nabad baa? Amani ipo? Watoto je? Mvua huko kwenu je? Wanyama? Nikasema moyoni, mimi nauza nguo, wanyama wanatoka wapi? Nikairuka sauti ile hadi mwishoni. Huko nikakuta sauti nyingine kabisa, ya msichana, inasema kwa Kiswahili: "Madera kumi na mbili ya zambarau, mama. La bibi harusi liwe lile lenye ukingo wa dhahabu. Mjukuu wa Ayeeyo anaolewa Ijumaa." Ayeeyo ni nyanya, kwa lugha yao. Na nyuma ya msichana kulikuwa na mwanamume anakohoa.

Namba moja, watu watatu, picha ya ua. Kengele zote zikalia kichwani mwangu.

Nikaandika, kwa ile lugha yangu ya ofisi ya mwalimu mkuu: tuma picha ya kitambulisho, tuma picha ya uso wako, lipa pesa zote kwanza. Jumanne ikaja sauti ya pili, nayo ndefu. Nikasikia mwanzo tu, yule bibi akisema kwa Kiswahili cha kuchechemea: "Mama, sikiza sauti yangu. Sikiza yote." Nikacheka. Nikasema, ndivyo matapeli wanavyosema, sikiliza, sikiliza, mpaka ulale. Nikambandika ile lebo ya manjano, kisha nikamfungia kabisa asinifikie tena. Madera ya zambarau yakabaki kwenye rafu, yote kumi na mbili, na lile lenye ukingo wa dhahabu nikalitundika mlangoni livute wapita njia.

Sasa nikuonyeshe jinsi shaka inavyompumbaza mtu. Mbele ya mlango wangu, ng'ambo ya barabara, alikuwa anakaa Habiba, mwanamke kijana muuza maziwa ya ngamia. Madumu yake nayajua, watoto wake nawajua, siku za mvua tulikuwa tunajibanza pamoja chini ya bati langu. Wiki ile kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Mama Mwende, habari ya biashara?" na anatazama ndani, kwenye rafu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikajiambia, huyu naye ana lake. Anataka kujua nauza kiasi gani. Nikaanza kumjibu kwa mkato, "Nzuri," na kugeuka. Jirani wa miaka, mwanangu! Kama wasap ingekuwa na lebo ya majirani, ningembandika.

Alhamisi baada ya adhuhuri Habiba akavuka barabara mwenyewe. Akaligusa lile dera lililotundikwa mlangoni.

"Mama Mwende, hili si la harusi ya kwetu? Mbona liko hapa?"

"Harusi gani?"

"Ya Buna. Ayeeyo yangu alikwambia. Mzigo ukiwa tayari uniite, mimi nilipe, niupeleke kwa basi." Akafungua pindo la shungi lake, pesa zimo, zimefungwa tangu Jumatatu. "Nimengoja uniite. Sikutaka kukuharakisha, wewe ni mkubwa wangu."

Nikatoa simu, nikaitafuta ile sauti ya kwanza, na safari hii tukaisikiliza yote, tumesimama pale mlangoni, Habiba akinitafsiria palipokuwa na Kisomali. Baada ya mvua na wanyama, yule bibi alikuwa amesema hivi: mimi ni Dahabo, binti Abdi, Abdi wa Nur, Nur wa Hassan, Hassan wa Ali, na akaendelea mpaka wakatimia baba saba, mmoja mmoja, bila kukwama. Akasema nyumba yake iko upande gani wa kisima. Akasema simu hii si yake, ni ya msichana wa jirani, na anayekohoa ni mwanawe aliye mgonjwa. Kisha akasema: mdhamini wangu yuko mbele ya mlango wako, anauza maziwa, ni mtoto wa mwanangu, yeye ndiye atakayelipa, muulize yeye kama mimi ni mtu wa kudanganya.

Hatua ishirini, mwanangu. Mdhamini alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu, na mimi nilikuwa naomba picha ya kitambulisho.

Habiba hakunitukana. Heri angenitukana. Alizifunga pesa tena kwenye pindo la shungi, akavuka barabara, akaketi nyuma ya madumu yake. Nilimfuata mbio, nikamwambia tutafute gari, nitalipa mimi. Tulipiga simu kila mahali. Basi la Wajir lilikuwa limetoka asubuhi, na kutoka Wajir hadi Buna hakuna aliyekuwa anaondoka kabla ya Jumamosi. Ijumaa bibi harusi aliolewa akiwa na dera la kuazima, limembana mabegani, na wenzake kumi na mmoja kila mtu alivaa alichokuwa nacho. Habiba ndiye aliyenihadithia, nami niliomba anihadithie yote, hata hayo ya mabega.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa niliifungulia ile namba. Na hapo, kwa aibu na woga, nikafanya ujinga wa pili. Sikujua niseme nini, nikabonyeza jibu la mkato: "Samahani kwa usumbufu. Tunathamini biashara yako." Maneno yale yale niliyokuwa nawatumia watu nikikosa saizi yao.

Jibu la Ayeeyo Dahabo likaja kwa sauti, naye safari hii alijikaza akasema Kiswahili mwenyewe, na p zake zote zikiwa b, jambo ambalo mimi Mkamba ninayetorokwa na r nikikasirika sina haki ya kulicheka.

"Wewe ulitaka bicha ya uso wangu," alisema. "Mimi uso wako sijaona. Bicha yako ni nguo, imetundikwa kwa msumari. Mbona mimi sikukuogoba? Nimekuba baba saba. Wewe umeniba nini? Umeniba usumbufu. Mama, mtu akikwambia yeye ni nani, nawe mwambie wewe ni nani. Hiyo ndiyo biashara. Nguo inakuja nyuma."

Nyani haoni kundule! Kwa mara ya kwanza nikaitazama picha yangu mwenyewe. Kweli, ni dera limetundikwa, halina hata kichwa.

Nikaingia ndani ya duka, nikafunga mlango, nikashika simu karibu na mdomo. Nikasema: Ayeeyo, mimi ni Kalekye, binti Mutisya, Mutisya wa Kilonzo. Na baada ya Kilonzo nikakwama. Nilikuwa nimesomesha watoto wa watu miaka mingapi sijui, na babu wa baba yangu simjui jina. Nililia, sikufichi. Nikamwambia, Ayeeyo, nimeishia hapo, sina wengine, nimekosa, na mjukuu wako nimemwaibisha siku ambayo hairudi. Nikaituma hivyo hivyo, na kilio changu kimo.

Alijibu baada ya swala ya alasiri. Ilikuwa sauti fupi kuliko zote alizowahi kunitumia.

"Kalekye Mutisya Kilonzo. Sasa nimekujua. Lakini bibi harusi ameshaolewa."

Basi. Hakuniita mbaya wala hakusema amenisamehe. Nimeisikiliza sauti ile mara nyingi kuliko mahubiri yoyote, na kila nikifika kwenye lile "lakini" huwa naiweka simu chini.

Sasa wewe, mwanangu, umeniambia unafungua duka la mtandaoni, umeshapiga picha viatu vyako, na unataka nikupe siri. Siri sina. Nitakwambia kwanza kwamba shaka usiitupe. Dunia hii ina matapeli, na mimi mpaka leo ujumbe wa malipo nauhakikisha mara mbili, hata ukitoka kwa pasta, naye ameshanizoea. Hata katalogi yako ishuku. Piga picha mchana mlangoni, kwani taa ya dukani hugeuza zambarau ikawa buluu, na mteja wa Takaba hawezi kurudisha mzigo kama anayekaa hapa karibu na soko la Suk Mugdi. Tahadhari ni kabla ya hatari, hilo walisema waliotutangulia na hawakukosea.

Lakini shaka ni ya kuulizia, mwanangu, si ya kufungia mlango. Shaka isiyouliza ni uvivu tu, uvivu uliovaa nguo ya ujanja. Mimi sikuwa mwangalifu, nilikuwa mvivu wa dakika tatu za kusikiliza. Mtu akikutumia sauti ndefu, isikilize mpaka mwisho, kisha irudie. Usipoelewa lugha yake, vuka barabara ukatafute mtu wa kukueleza. Watu wa huku hawaweki nyuso za mama zao kwenye simu, na hilo si la kuficha kitu. Wanakupa jina na jina la nyuma yake, na jirani wa kumuuliza. Ukitaka uthibitisho wa Nairobi peke yake utaukosa wa hapa uliopewa bure.

Na hizo salamu zinazojijibu zenyewe, ziweke za kusema saa za kufungua duka. Ukimkosea mtu, usimtumie neno ulilolihifadhi. Omba msamaha kwa mdomo wako, sauti ikitetemeka na itetemeke. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwagiwa anayo haki ya kukusikia ukisema ni wewe uliyemwaga. Na kabla hujamuuliza mgeni yeye ni wa nani, nenda kwa wazee wenu ukajifunze wewe ni wa nani. Mimi nilikwenda Mwingi likizo ya Desemba kwa ajili hiyo tu. Nilichelewa, waliokuwa wakijua walikuwa wameshazikwa.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akufungulie riziki ya mbali na ya karibu, akupe sikio refu kuliko kidole, na jina lako likitajwa Buna watu waseme, huyo tunamjua. Amina, na wenzetu waseme amiin.